Bendi imenenepa, lakini kwa njia ipi? Shajara ya mradi wa vipokezi vya seli za ini

Wiki ya 1

Swali nililopewa ni jepesi kulitamka: kipokezi kilicho kwenye utando wa seli ya saratani ya ini kikiguswa, protini za ndani zinabadilikaje? Msimamizi alinisikiliza nikimwaga mipango yangu, halafu akanikata: "Kipokezi kimoja, protini moja. Ukiniletea orodha sitaisoma." Nimechagua EGFR, kipokezi cha kichocheo cha ukuaji kiitwacho EGF, na protini ya sikilini D1.

EGFR kwa sababu imechunguzwa kwa miaka mingi na kingamwili zake, zile tunazotumia kuinasa na kuiona, ni nzuri. Kichocheo chake, EGF, ndicho kilichompatia Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986, akigawana na Rita Levi-Montalcini. EGF hunasa upande wa nje, vipokezi viwili vinashikana, na mikia yao ya ndani inabandikana fosfeti kwenye tairosini. Mikia iliyobandikwa inakuwa vigingi vya kufungia protini nyingine, na kutoka hapo ujumbe unashika njia mbili kubwa za protini zinazopokezana: moja ni RAS, RAF, MEK hadi ERK, nyingine ni PI3K, AKT hadi mTOR.

Sikilini D1 kwa sababu ndiyo inayoisukuma seli itoke awamu ya G1 ikaanze kunakili DNA, na kwa sababu haikai. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kusagwa, ni kama nusu saa. Protini inayokaa siku tatu inakueleza amri za juzi; hii inakueleza amri za leo.

Kwa nini kujisumbua na vipokezi kwenye ini? Kwa sababu ndiko dawa za saratani hii zilikopata mlango. Sorafenib, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya ini mwaka 2007, inazuia vipokezi kadhaa pamoja na RAF, na jaribio lililoipitisha lilionyesha muda wa kati wa kuishi (mediani) wa miezi 10.7 dhidi ya 7.9 kwa wasioipata. Kisha watu wakasema, basi tuongeze erlotinib, inayofunga EGFR. Matokeo yakatoka 2015: walioongezewa hawakuishi muda mrefu zaidi. Nilidhani habari ya EGFR kwenye ini ingeishia hapo. Mwaka 2021 ikafufuka: ikaonekana kwamba lenvatinib, dawa nyingine ya saratani ya ini, ikifunga vipokezi vya FGF (kichocheo kingine cha ukuaji), seli zenye EGFR nyingi huiamsha EGFR na kuendelea na maisha yao, na ukizifungia vyote viwili zinashindwa. Kipokezi kilekile, majibu mawili. Ndiyo maana nataka kujua kinaamuru nini hasa huko ndani.

Wiki ya 2 na ya 3

Seli zilizokuwa zimejaa kwenye inkubeta ni HepG2, seli za uvimbe wa ini zinazooteshwa maabara, nikaanza nazo kama kila mgeni anavyoanza. Nikazipanda kwenye sahani za visima 6, nikasubiri zifunike robo tatu ya kisima, kisha nikazilaza njaa: midia isiyo na seramu, usiku mzima. Seramu ya ndama imejaa vichocheo vya ukuaji. Usipoiondoa, kipokezi kimeshaamka kabla hujakigusa. Asubuhi nikatia EGF, nanogramu 50 kwa mililita, nikakusanya seli za dakika 0, 5, 15, 30 na 60. Sahani juu ya barafu, osha, tia bafa yenye vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini na vile vinavyobandua fosfeti, kwangua, sentrifuji. Kinachobaki juu tunakiita mchuzi, na ndicho kinachoingia kwenye jeli.

Jeli hutenganisha protini kwa ukubwa, tunazihamishia kwenye membreni, na kingamwili inaonyesha ile tunayoitafuta kama doa jeusi, bendi; picha hiyo ndiyo bloti. Bloti ya kwanza iliniduwaza. EGFR yenye fosfeti ilikuja jinsi kitabu kinavyosema: dakika 0 patupu, dakika 5 bendi nyeusi karibu na alama ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 170. Lakini ERK yenye fosfeti, zile bendi mbili za 44 na 42, ilikuwa imeshiba tangu dakika 0. EGF iliiongezea kidogo tu, kama mtu anayeongezewa chai kwenye kikombe kilichojaa.

Nikadhani nimesahau kuondoa seramu. Nikarudia. Nikarudia tena kwa njaa ya saa 24. Nikaacha kuzibia membreni kwa maziwa nikatumia albumini, kwa kuwa kasini ya maziwa nayo imebeba fosfeti na huchafua kingamwili za aina hii. Membreni ikang'aa, ERK ikabaki vilevile.

Dada wa meza ya jirani, ambaye amekaa na seli hizi kuliko mtu yeyote humu, alinitazama nikilalamika akaniuliza: "Jeni zake umezisoma?" Sikuwa nimezisoma. HepG2 zina badiliko kwenye jeni ya NRAS: glutamini ya nafasi ya 61 imegeuka lusini, na RAS ya namna hiyo haizimiki inavyopaswa. Kipokezi kinaweza kulala usingizi wa pono, ERK itaendelea kupata amri kutoka kwa RAS iliyo chini yake. Wiki mbili nilikuwa nagonga mlango wa nyumba ambayo ukuta wa nyuma umeanguka.

Si hilo tu. HepG2 pia zimepoteza kipande cha beta-katenini kinachobeba alama za kuifanya iharibiwe. Kwa udadisi niliipiga bloti: bendi mbili, ile nzima karibu na 92 na ile fupi chini yake kwenye sabini na kitu, tena ile fupi ndiyo nene. Beta-katenini nayo hutajwa miongoni mwa wanaoisukuma jeni ya sikilini D1. Kwa hiyo hata kama ningepata matokeo mazuri, nisingejua namsifu nani.

Na kuna la tatu, ambalo nadhani lingepaswa kubandikwa kwenye mlango wa friza. Seli hizi zilitoka kwa mvulana wa miaka 15, na kwa miaka mingi zimeandikwa kwenye makala kama mfano wa saratani ya ini ya watu wazima. Uchunguzi uliotolewa 2009 ulionyesha kwamba uvimbe wenyewe ulikuwa hepatoblastoma, uvimbe wa ini wa watoto. Sizidharau, zinatengeneza albumini vizuri na zinavumilia mikono ya mwanafunzi. Ila kwa swali langu hazifai, na nashuku wengi wanaendelea nazo kwa sababu zipo tu.

Wiki ya 4

Nimehamia Huh7, zilizoanzishwa 1982 kutoka kwenye uvimbe wa mwanamume Mjapani wa miaka 57. RAS yake haina kasoro ile, beta-katenini yake ni nzima. Ya kwake ni p53, protini inayozuia uvimbe, yenye badiliko liitwalo Y220C. Naliandika hapa ili nisije nikalisahau kama nilivyosahau NRAS. Utambulisho wa DNA umelingana, kipimo cha mikoplazma, bakteria wanaochafua seli za maabara, kimetoka safi. Wiki nzima ya kusubiri seli zizoee. Nimesoma sana, nimefanya kidogo.

Wiki ya 5

Hatimaye picha inayosomeka. Huh7 zilizolala njaa: EGFR yenye fosfeti hakuna, ERK yenye fosfeti kivuli tu. Dakika 5 baada ya EGF zote mbili zimewaka. Kufikia saa ya kwanza ERK inaanza kufifia. Sikilini D1 haina haraka: saa ya kwanza kimya, saa ya 4 inaonekana, saa ya 8 imenenepa. Seli zilizopewa gefitinib, dawa inayofunga EGFR, kabla ya EGF hazikuinua kitu. Nilimtumia msimamizi picha nikiwa bado nimevaa glavu.

Jibu lake: "Kipimo cha usawa umetumia nini?"

Yaani protini isiyobadilika, inayothibitisha kwamba kila mstari umepakiwa sawa. GAPDH. Kila mtu hutumia GAPDH. GAPDH ina kilodaltoni 37. Sikilini D1 ina 36. Nilikuwa nimepima sikilini kwanza, nikaosha membreni ileile bila kuivua kingamwili ya kwanza, nikaweka ya GAPDH kutoka kwa mnyama yuleyule, sungura. Bendi niliyoiita GAPDH ilikuwa GAPDH imekaa juu ya sikilini. Ukiitazama kwa makini utaona mistari ya saa ya 4 na ya 8 "GAPDH" yake ni nene kidogo kuliko mingine, na mimi nikagawanya sikilini kwa namba hiyo, yaani nikaipunguza protini yangu kwa kivuli chake mwenyewe. Bahati mbaya iliyoje: kosa lilikuwa linanionyesha ongezeko dogo kuliko lililopo. Ningeliweka kwenye ripoti bila kushtuka, kwa sababu lilinifanya nionekane mtu wa tahadhari.

Wiki ya 6

Kwa kipimo cha usawa nimehamia vinkulini, iliyo juu sana kwenye jeli, zaidi ya kilodaltoni 110, mbali na kila ninachokitafuta. Sasa nakata membreni mara mbili: kipande cha juu kwa EGFR na vinkulini, cha kati kwa AKT na ERK, cha chini kwa sikilini. Kabla ya kukata naipaka Ponsoo, ile rangi nyekundu inayoonyesha protini zote, na kuipiga picha. Kama mstari mmoja umepakiwa pungufu utauona hapo hapo, bila kingamwili yoyote. (Beta-aktini nayo ni 42, ndugu wa karibu wa ERK. Nimeshajifunza, asante.)

Jambo la pili la wiki hii nimeliona nikikokotoa. Ili kupima jinsi kipokezi kilivyoamka, unagawanya EGFR yenye fosfeti kwa EGFR yote. Nilipofanya hivyo, grafu ilionyesha kipokezi kikibaki macho hata saa ya 4. Nikarudi kwenye picha. Bendi yenye fosfeti saa ya 4 imefifia vibaya sana. Kilichotokea ni kwamba ile "yote" nayo imepungua: EGF ikinasa, seli hukimeza kipokezi, na sehemu kubwa huishia kwenye laisosomu, kifuko cha kusagia cha seli, na kusagwa. Kigawanyo kilikuwa kinashuka pamoja na kigawanywa, na uwiano ukabaki juu.

Kwa maana hiyo protini ya kwanza ambayo kipokezi kinabadilisha wingi wake ni chenyewe. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu, lakini linanigusa: seli inayoonekana kuwa na EGFR chache huenda ndiyo iliyoitumia sana, siyo ile isiyokuwa nayo. Kuanzia sasa naweka grafu mbili, yenye fosfeti kwa vinkulini na yote kwa vinkulini, halafu msomaji aone mwenyewe.

Wiki ya 7 na ya 8

Hapa ndipo mradi ulipogeuka kuwa mradi.

Niliwasilisha kwenye kikao cha maabara: EGF inaongeza sikilini D1 kwenye Huh7, gefitinib inazuia. Nikakaa. Msimamizi akasimama mbele ya picha, akaweka kidole juu ya bendi ya saa ya 8. "Imenenepa. Kwa njia ipi?"

Kuna njia tatu, na bendi haisemi ni ipi. Huenda jeni inanukuliwa zaidi, mRNA (nakala zake zinazobeba ujumbe) zimeongezeka. Huenda mRNA ni zilezile lakini ribosomu zinazitafsiri kwa kasi. Au hakuna kilichoongezeka kutengenezwa. Protini imeacha tu kuharibiwa, inarundikana. Kipokezi kimoja kinaweza kushika vyote vitatu: ERK inaingia kwenye kiini na kuamsha FOS na JUN, zinazofungua jeni, mTOR inaifungua breki ya utafsiri, na AKT inaizuia GSK3β, ambayo kazi yake mojawapo ni kuibandika sikilini D1 fosfeti kwenye threonini ya 286, alama ya kuipeleka nje ya kiini na kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusagia protini, ikasagwe.

Nikaanza na mRNA kwa sababu ni rahisi. PCR ya wakati halisi, inayopima wingi wa mRNA, ilionyesha mRNA ya sikilini D1 ikipanda mapema kuliko protini, kama inavyotarajiwa, na trametinib, inayofunga MEK, ikaizima mRNA na protini pamoja. Vizuri. Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi safi: kipokezi, ERK, jeni, protini.

Halafu nikatumia Torin 1, inayofunga mTOR. mRNA ilibaki karibu pale ilipokuwa. Protini ikaporomoka.

Nililitazama hilo muda mrefu. Ujumbe umeandikwa, umefika, hausomwi. Ushahidi wa breki ulikuwa chini kabisa kwenye membreni, mahali ambapo kwa kawaida nakata na kutupa. Breki hiyo ni 4E-BP1, protini ndogo inayokaa kati ya 15 na 20, na haiji kama bendi moja bali ngazi ya bendi tatu. Ikibebeshwa fosfeti nyingi inatembea polepole kwenye jeli na kubaki juu, ikivuliwa inashuka. Kwenye seli zilizolala njaa uzito ulikuwa kwenye vidato vya chini. Baada ya EGF ulipanda kidato cha juu. Baada ya Torin 1 ngazi yote ilianguka ikawa bendi moja nene sakafuni: breki imekamata, eIF4E, protini inayoanzisha utafsiri, imefungwa, na mRNA kama za sikilini D1, zinazoitegemea sana, zinakosa zamu. Nilijaribu pia rapamaisini, kizuizi kingine cha mTOR. Ngazi ilishuka nusunusu tu, jambo linalojulikana kuhusu dawa hiyo: S6K, protini nyingine iliyo chini ya mTOR, inaizima vizuri, 4E-BP1 inaigusa kiasi. Kama ningetumia rapamaisini peke yake ningesema mTOR haina uzito hapa.

Jeli ya asilimia 15 kwa ajili ya ngazi hiyo. Kwenye asilimia 10 vidato vyote vinabanana kama abiria.

Wiki ya 9

Gesi ya kaboni dioksaidi iliisha usiku wa Ijumaa na kengele ya inkubeta ilikuwa imezimwa sauti. Jumatatu midia yote ilikuwa ya zambarau. Seli hazikufa zote, lakini siwezi kuuliza swali la maisha ya protini kwa seli zilizokaa siku mbili kwenye midia iliyopungukiwa asidi kwa kukosa gesi. Nimezitupa. Nimeyeyusha nyingine. Wiki imekwenda.

Wiki ya 10

Imebaki njia ya tatu, uharibifu. Kipimo chake ni sikloheksimaidi: unasimamisha utengenezaji wa protini zote, kisha unaangalia ile yako inavyofifia dakika 0, 15, 30, 60, 90.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kulinganisha seli zenye EGF na zisizo na EGF. Nikaufanya, nikapata ujinga: zisizo na EGF zina sikilini kidogo sana tangu mwanzo, kwa hiyo ifikapo dakika 30 hakuna bendi ya kupima. Huwezi kusema kitu kinapungua haraka kama kilikuwa hakipo. Dada wa meza ya jirani ndiye aliyenipa ufumbuzi, akiwa anapakia jeli yake bila hata kugeuka: "Zishibishe zote kwanza, ndugu yangu, halafu uzigawe."

Ndivyo nilivyofanya. Seli zote zinapata EGF saa 8, sikilini inapanda kote. Kisha zote zinatiwa sikloheksimaidi kwa wakati mmoja, na nusu yake zinaongezewa gefitinib. Sasa mwanzo ni sawa, kinachotofautiana ni kama kipokezi bado kinaamuru au kimenyamazishwa. Jaribio la kwanza: kwenye dakika 30 walionyamazishwa walikuwa wamefifia zaidi. La pili: tofauti ipo, ndogo, ningeweza kubishana nayo. Kingamwili ya threonini ya 286 yenye fosfeti haijanisaidia bado; sikilini iliyobandikwa alama hiyo inasagwa upesi mno kiasi cha kuonekana, na itabidi nitie MG132 kuziba proteasomu ili irundikane niione.

Nilivyo sasa, kama ningelazimishwa kuandika sentensi moja kwenye ripoti, ningeandika kwamba kwenye Huh7 EGFR inaiandikisha sikilini D1 kwa ERK na kuisomesha kwa mTOR, na kuhusu kuilinda isiharibiwe ningeacha nafasi. Msimamizi hapendi nafasi. Mimi nimeanza kuipenda.

Lenvatinib imefika, iko kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Sitaifungua kabla ya hili kwisha. Huh7 zinajitengenezea FGF19 na kuipokea kwa FGFR4, kipokezi kingine chenye mdomo kwenye njia hizihizi, na nikianza kufunga cha pili kabla sijajua cha kwanza kinafanya nini nitarudi kule kule nilikokuwa na HepG2.

Jaribio la tatu la sikloheksimaidi nimelipakia leo mchana, mikrogramu 20 kwa kila kisima. Ponsoo ilitoka sawasawa isipokuwa mstari wa 7, ambao una kiputo kwenye 50, juu kidogo ya ninapopahitaji. Membreni ya chini iko kwenye kingamwili ya sikilini, chumba cha baridi, nyuzi 4, inayumba polepole hadi asubuhi. Nimeandika juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito: USIHAMISHE.